Mzee Gathogo na Gia ya Mkono

Siku Mulongo alipomwona Mzee Gathogo kwa mara ya kwanza, mzee alikuwa amevaa suti ya kijivu, tai, na helmeti iliyofungwa vizuri kidevuni, na alikuwa anasukuma pikipiki. Aliisukuma kando ya barabara ya Langas, akichechemea, taratibu, kama mtu anayemsindikiza mgeni. Vijana wa boda boda waliokuwa stejini walimwuliza kama mafuta yameisha. Akasema tangi limejaa. Wakamwuliza kama injini imekufa. Akasema injini ni nzima kuliko wao. Hawakujua waulize nini tena, wakarudi kwa mazungumzo yao.

Mzee aliisukuma mpaka kwenye kibanda cha Mulongo, akaiegemeza ukutani.

"Stendi imevunjika," alisema. "Mimi naenda matanga Timboroa. Nitarudi kesho kutwa."

Akavua helmeti, akaitundika kwenye usukani, akaenda zake kutafuta gari.

Mulongo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa makamo kutoka upande wa Bungoma, aliyeishia darasa la nane. Alikuwa na haya kiasi kwamba wateja wengine walidhani ni bubu, wakawa wanamwelekeza kwa mikono. Kazi yake kubwa ilikuwa pikipiki mpya. Eldoret mtu akinunua pikipiki haanzi kuipanda hivi hivi. Huipeleka kwanza kwa fundi, kiti kikiwa bado kimefunikwa nailoni, ili iongezwe chuma kwenye chesisi, iwekwe gadi za kukinga miguu mbele, na nyuma keria pana ya kubeba kreti, magunia, mbuzi au sofa. Isipopitia hapo, watu huiona kama haijamaliza kutengenezwa.

Basi Mulongo akaichomelea ile stendi, kisha akasimama akaitazama pikipiki yenyewe. Ilikuwa BSA ya zamani ya Kiingereza, imemzidi umri, rangi ya kijani iliyofifia, nyembamba kama baiskeli. Haikuwa na gadi. Haikuwa na keria ya maana. Chesisi haikuwa imeongezwa hata kipande kimoja. Akamwonea mzee huruma, kwamba ameishi na kitu hiki miaka yote hiyo na hakuna fundi hata mmoja aliyemsaidia.

Akafanya kazi siku nzima. Aliweka gadi mbele na keria nyuma, akatia vyuma viwili kwenye chesisi, akavipaka rangi ya fedha. Aliamua kuwa hiyo yote itakuwa bure, kwa heshima ya mvi.

Mzee Gathogo aliporudi aliizunguka pikipiki. Akaizunguka tena. Kisha akaomba kiti.

"Fundi," alisema alipoketi, "nani alikutuma?"

Mulongo akajibu kwamba hakuna aliyemtuma.

"Mimi nilifikiria ni Ng'ang'a."

Hapo ndipo Mulongo alipoelewa kwamba ameharibu, ingawa hakuelewa ameharibu nini. Mzee hakugomba. Alimweleza tu kwamba Jumamosi, baada ya saa sita, kuna watu wenye pikipiki kama hii hukutana nyuma ya hoteli moja karibu na mto Sosiani, kwamba yeye ndiye mwenyekiti wao, na kwamba Mulongo atakuja naye aieleze kazi yake mbele ya watu. Kwa Mulongo, kuongea mbele ya watu kulikuwa kubaya kuliko kushtakiwa.

Jumamosi ilipofika waliisukuma pamoja. Mulongo alijitolea kuipiga kiki mzee aipande. Mzee akamwambia tangu aipate pikipiki hiyo haijapigwa kiki na mguu wa mtu mwingine, na haitaanza leo.

Nyuma ya hoteli palikuwa na pikipiki kuukuu zilizopangwa kwenye nyasi, na wenyewe wakinywa chai. Walipoiona BSA ya mwenyekiti, vikombe vilishushwa. Wa kwanza kusimama alikuwa Omollo, karani wa ofisi moja mjini, mtu aliyeamini kwamba pikipiki ya zamani inapaswa kubaki kama ilivyotoka kiwandani, hadi bolti. Aliinama, akagusa gadi kwa kidole kimoja, akakifuta kidole kwa leso.

"Umechukua nyanya ya mtu," alimwambia Mulongo, "ukamvalisha gamibuti."

Ng'ang'a, mwenye duka la spea, hakungoja zamu yake. Yeye alikuwa wa upande wa pili. Pikipiki yake ya zamani ilikuwa na magurudumu mapana na kiti cha ngozi nyekundu, na kwa sababu hiyo aliruhusiwa kukaa na wenzake lakini si kuandamana nao barabarani. Kikundi kilikuwa na sheria moja, nayo ilitungwa na Mzee Gathogo mwenyewe: chombo chenye kitu ambacho hakikutoka kiwandani hakitembei na vingine.

"Hiyo nyanya imeishi Uasin Gishu tangu wakati wa mkoloni," Ng'ang'a alisema. "Hapa kuna matope. Muache avae gamibuti."

"Kesho utamwekea spika."

"Nikipata ya size yake, naweka."

Walibishana hadi chai ikapoa. Omollo alisema chuma kipya kinafuta historia. Ng'ang'a alisema pikipiki isiyobadilika ni sanamu, na sanamu hazihitaji mafuta. Mulongo alisimama katikati, mikono nyuma, akiomba Mungu asiulizwe. Hatimaye mwenyekiti akatoa uamuzi. Kila kilichoongezwa kitaondolewa. Kitaondolewa na aliyekiweka, kwa msumeno wa mkono na tupa, si kwa grinda ya umeme, ili rangi ya zamani isiungue. Na kazi itafanyiwa nyumbani kwa mwenyekiti, akiona.

Hivyo ndivyo Mulongo alivyopata kumjua. Jioni baada ya kufunga kibanda alikwenda kwa Mzee Gathogo, akapiga magoti kando ya BSA, akakata. Mzee alikaa kwenye kiti cha plastiki akimwangalia. Kwa kuwa mmoja alikuwa mwenye haya na mwingine hakuwa na haraka, siku za mwanzo kilichosikika ni msumeno tu. Baadaye mzee akaanza kusimulia.

Alikuwa mtu wa kupandisha ng'ombe kwa mirija. Wazazi wake walitoka Nyeri, yeye akakulia Timboroa, na alipoajiriwa alipewa kuhudumia wafugaji wa Moiben. Daktari mmoja wa mifugo, mzungu aliyekuwa anarudi kwao, alimwachia ile BSA. Kwa miaka mingi aliipanda kila alfajiri, mtungi wa mbegu umefungwa nyuma yake, kwenda boma hadi boma kabla joto la ng'ombe halijapita. Ng'ombe hangoji, alieleza. Ukichelewa kidogo umechelewa hadi mwezi ujao, na mwenye ng'ombe hatakusahau. Moiben walimwita Baba Ndama. Mkewe hakulipenda sana hilo jina.

Kisha goti la kulia likafa. Pikipiki hiyo ina kiki upande wa kulia na gia upande wa kulia, vyote vya mguu, na goti lake halikukubali tena kukunjika. Ulikuwa mwaka wa pili sasa hajaipanda. Kila Jumamosi alivaa suti na helmeti, akaisukuma hadi mtoni, akaongoza mkutano, akaisukuma kurudi. Kikundi kizima kilijua na hakuna aliyethubutu kulitaja.

"Nataka kitu kimoja tu," alimwambia Mulongo jioni moja. "Nifike Moiben nikiwa juu yake. Mara moja. Halafu hata nikifa, sawa."

Mulongo aliendelea kupiga tupa. Alikaa na neno lake mpaka keria ikatoka, mpaka gadi zikatoka. Siku ya kumalizia vyuma vya chesisi, huku akitazama chini, alisema kwamba gia inaweza kushikwa kwa mkono. Fimbo moja ya chuma, ifungwe kwenye pedeli ya gia, ipande hadi kando ya tangi. Hakuna kuchomelea. Bolti mbili, ukitaka unazitoa. Kiki haina haja, mtu anaweza kusukumwa kwenye mteremko.

Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyowahi kumwambia mteja yeyote. Mzee alisogeza kiti karibu na pedeli ya gia.

"Nilimtoa Ng'ang'a barabarani kwa sababu ya kiti," alisema. "Niwaambie nini?"

Aliyejibu ni Mama Nyakio, mke wa mzee, aliyekuwa anachambua maharagwe mlangoni.

"Baba Nyakio," alisema bila kuinua macho, "hayo meno yako ulitoka nayo kiwandani?"

Mzee alifunga mdomo. Meno yake ya juu yote yalikuwa ya kutengenezwa, na kila mtu aliyewahi kula naye alijua.

"Hayo ni ya kulia chakula," alisema.

"Na hiyo si ni ya kukufikisha Moiben? Daktari akitaka kukuwekea goti la chuma, hutaki. Fundi akitaka kuwekea pikipiki mkono, hutaki. Wewe kaa hapo tukupige pasi kila Jumamosi, tukutoe nje watu wakuangalie."

Akarudia maharagwe yake. Mzee alimwangalia, kisha akaiangalia pikipiki, ambayo sasa ilikuwa imerudi kuwa nyembamba na mikwaruzo ya tupa imepakwa grisi. Akamwambia Mulongo aje kesho na fimbo. Bolti mbili, alisisitiza. Ikizidi mbili, asilete.

Jumamosi iliyofuata waliisukuma tena hadi mtoni. Fimbo ilikuwa imesimama kando ya tangi, na juu yake Mulongo alikuwa ameweka kirungu cha mti alichokisugua hadi kikawa laini. Hakuna aliyeweza kujifanya hakioni. Omollo alianza kusema, akanyamaza, kwa sababu huyu alikuwa mwenyekiti na mzee wake. Ng'ang'a alitabasamu hadi masikioni. Alisimama akapendekeza sheria ibadilishwe, sasa kwa kuwa hata wakubwa wameona mwanga.

Mzee Gathogo alikataa. Alisema sheria ni nzuri na iendelee. Kilichobaki ni kuitekeleza. Akawauliza wanaokubali kwamba pikipiki ya Gathogo isitembee na nyingine wainue mikono. Hakuna aliyeinua. Omollo mwenyewe alikuwa anaangalia viatu vyake. Mzee akangoja, kisha akainua mkono wake, peke yake, akatangaza kwamba hoja imepita. Akampa Omollo uenyekiti, akamaliza chai yake, akavaa helmeti.

Ng'ang'a alimfuata hadi langoni akimwomba awe mwenyekiti wa wale wanaobadilisha. Mzee akamwambia hawezi kuongoza watu wenye viti vyekundu.

Asubuhi ya Jumatatu alikuja kibandani kwa Mulongo na suti yake. Hapo Langas kuna mteremko mzuri kuelekea barabara kubwa. Mzee alipanda, akaweka gia ya pili kwa mkono, akashika klachi. Mulongo akasukuma. Vijana wa stejini waliokuwa wamezoea kumwona akitembea walisimama wote. Pikipiki ikakohoa, ikakohoa tena, ikatoa moshi wa buluu, ikawaka. Mzee akaachia mafuta kidogo, akapeleka mkono kwenye kirungu, akabadilisha gia, akarudisha mkono. Kwa muda mfupi pikipiki iliyumba. Kisha ikanyooka, ikaingia barabarani, ikapotea nyuma ya lori la mahindi.

Siku hiyo Mulongo hakufanya kazi ya maana. Aliharibu gadi ya pikipiki ya mtu akarudia. Alijiuliza kama bolti mbili zilitosha. Moiben si mbali sana, lakini kuna mahali lami imeisha, na mzee akianguka hana wa kumsukuma. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita. Mama Nyakio alikuja na kikapu, akakaa kwenye benchi la kibanda bila kueleza amefuata nini.

Walisikia kabla ya kuona. BSA ilikuja polepole, imejaa matope hadi tangini. Suti ilikuwa na matope, tai ilikuwa na matope, na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya Moiben, kilikuwa kimebanwa ndani ya koti. Mzee alisimama mbele ya kibanda bila kuzima injini, kwa sababu akiizima atasukumwa tena. Mama Nyakio alichukua kibuyu, akamwambia suti hiyo ataifua mwenyewe, akatangulia nyumbani.

Mulongo alitaka kuuliza kuhusu gia. Alisimama akipangusa mikono kwa kitambaa, akaipangusa tena ingawa ilikuwa safi. Mzee akangoja. Hawakuonana tena baada ya siku hiyo. Wiki iliyofuata mzee alipatwa na nimonia, akalazwa, na kabla Mulongo hajapata siku ya kwenda kumwona akafariki, akazikwa Timboroa, Omollo na Ng'ang'a wakibeba jeneza upande mmoja.

Lakini siku hiyo, mbele ya kibanda, mwishowe Mulongo aliuliza, kwa sauti ambayo injini karibu iimeze, kama gia ilikuwa sawa.

Mzee Gathogo aliangalia huku na huku barabarani, akainama juu ya usukani.

"Ni nzuri kuliko ile ya kiwanda, fundi. Lakini Omollo asijue."