Mstaafu Asiyewahi Kuajiriwa

Nilikuwa na saiba ya kompyuta tatu za intaneti pale Makina, Kibera, hatua chache kutoka msikitini, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuwajazia watu fomu. Pasipoti, cheti cha tabia njema, mkopo wa chuo, cheti cha kifo. Wateja wangu walikuwa watu wa Makina na Mashimoni, na wengi wao niliwajua kwa sura. Kwa hiyo asubuhi ile mama mzee mmoja alipoingia amevaa sweta zito na kitambaa cha kichwa cha kanisani, nilijua mara moja kwamba hatoki kwetu. Alikuwa amekuja na bodaboda kutoka Kawangware. Aliketi, akaweka mfuko wa plastiki juu ya magoti, akautazama mlango.

"Mami," akaniambia, "kwetu saiba ziko kila kona. Lakini huko kila mtu ananijua. Nimekuja kwako kwa sababu hunijui."

Nikamwambia karibu, shosho, kama tunavyowaita bibi zetu. Akatoa karatasi moja baada ya nyingine: hatimiliki ya ploti, cheti cha ndoa, cheti cha kifo cha mzee wake, na karatasi mbili kutoka kwa maajenti wawili wa mjini. Karatasi moja ilisema anaweza kupata ukaazi wa nchi fulani ya Ulaya kama mwekezaji. Ya pili ilisema kama mstaafu.

"Sasa nisomee uniambie," akasema. "Mimi ni nani hapo?"

Nilisoma, nikarudia kusoma. Sikuwahi kujaza fomu ya aina hiyo. Fomu nilizozijua zilikuwa za vijana wanaokwenda nchi za Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Sikujua kwamba mtu anaweza kuomba kuishi nchi ya watu kwa sababu tu ana mali, au kwa sababu amezeeka na ana kitu kinachomwingizia riziki.

Tulichukua karibu asubuhi nzima kuelewa. Mwekezaji alitakiwa kuingiza mtaji ambao hata tungeuza ploti yake na za majirani zake wote usingefika. Hiyo tukaiweka kando. Mstaafu alitakiwa kuonyesha mapato yanayoingia kila mwezi bila yeye kufanya kazi. Shosho akacheka aliposikia hivyo.

"Bila kufanya kazi? Mimi naamka saa kumi na moja kuangalia kama choo kimefurika. Na nimestaafu nini? Mimi sijawahi kuajiriwa na mtu."

"Hapa wanaita hivyo, shosho. Kodi ya nyumba si mshahara."

"Basi andika mstaafu."

Nilipomuuliza kwa nini anataka kwenda, aliugeuzageuza ule mfuko, kisha akaniambia. Mwanawe wa pekee aliyebaki alikuwa huko kwa miaka kumi na moja. Aliingia kihalali, visa ikaisha, naye akabaki, akichuma nyanya na pilipili kwenye mashamba yaliyofunikwa kwa vioo. Alikuwa ameomba karatasi, na majibu hayakuwa yamekuja. Akitoka kabla ya majibu, haruhusiwi kurudi. Ndiyo maana babake alipofariki hakuja kumzika. Alitazama mazishi kwenye simu, na mtandao ukakatika wakati wa kushusha jeneza.

"Nimeomba kwenda kumsalimia mara mbili," akasema. "Mara mbili wamenikatalia."

Akanionyesha zile barua za kukataliwa. Zote mbili zilisema jambo moja: hawakuridhika kwamba atarudi Kenya. Na mara zote mbili alikuwa ameambatanisha hatimiliki ya ploti yake ya mtaa wa Kongo, kule Kawangware, kuonyesha kwamba ana sababu ya kurudi. Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, na kusema kweli sijaacha mpaka leo. Kwa sababu hatimiliki ileile ndiyo niliyoipiga skani siku ile, safari hii ili kuthibitisha kwamba anaweza kubaki asirudi.

Tatizo likawa vyumba. Ploti ilikuwa na vyumba kumi na vinane vya mabati, na hakuna mpangaji hata mmoja aliyekuwa na mkataba. Watu walilipa kwa simu au mkononi, naye alijua nani ni nani kwa kichwa. Lakini fomu ilitaka mikataba iliyosainiwa. Akaniomba niiandike, kisha niende naye kuwasomea wapangaji, kwa sababu macho yake hayakuwa mazuri.

Nilikwenda Jumapili baada ya ibada. Wapangaji walikuwa wametoka nje, wengine wakifua, wengine wameketi kwenye mitungi ya maji. Wengi walikuwa watu wa Magharibi ya Kenya, mafundi na wachuuzi. Walipoona mimi mgeni na karatasi mkononi, mazungumzo yakakatika. Nikaanza kueleza. Nilipofika kwenye neno "kusaini" mwanamke mmoja akaokota nguo zake akaingia ndani, akafunga mlango.

Aliyesimama kuongea alikuwa fundi wa makochi, mwanamume mnene mwenye vumbi la sponji kwenye kofia. Alikuwa ameishi pale kwa miaka kumi na minne.

"Shosho, unatuuza?" akauliza.

"Siuzi mtu."

"Basi unauza ploti."

"Siuzi ploti. Nataka tu karatasi iseme nyinyi ni wapangaji wangu."

"Miaka kumi na minne nalipa hii nyumba," fundi akasema, akiwageukia wenzake, "leo ndio naambiwa mimi ni mpangaji. Jana nilikuwa nani?"

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyesogea. Shosho alinitazama kana kwamba ningeweza kumsaidia. Hakutaka waambiwe habari za mwanawe, wala za safari. Nami nikajikuta nawaomba watu wasaini karatasi bila kuwaambia ni ya nini, jambo ambalo ningemkataza mteja wangu yeyote. Aibu ilinishika. Nikazikunja karatasi.

Ni shosho mwenyewe aliyesema. Alisema yote, akiwa amesimama pale katikati ya kamba za nguo: mtoto, mazishi ya kwenye simu, barua mbili. Fundi akaondoa kofia yake.

"Sasa hiyo ungesema kwanza, mathee," akasema. Akachukua karatasi, akaisoma yote polepole, akisogeza kidole. Kisha akanirudishia. "Mimi nitasaini. Lakini andika hapa kwamba tusifukuzwe bila notisi ya miezi miwili. Hata yeye akiwa huko. Hata kama mtoto ndiye ataamua."

Nilimtazama shosho. Akafikiri, akaitikia kwa kichwa. Nikaiongeza kwa kalamu kwenye mikataba yote kumi na minane, mikono ikiniuma, na watu wakasaini mmoja mmoja juu ya kochi ambalo fundi alikuwa hajalimaliza. Hata yule mwanamke wa nguo alitoka.

Jioni ile nilirudi Makina nikiwaza mambo ya kwetu. Nilipofikisha miaka ya kuchukua kitambulisho, sisi Wanubi wa Kibera, wajukuu wa askari walioletwa kutoka Sudan, tulikuwa tukisimamishwa mbele ya kamati ya kuthibitisha kama ni Wakenya. Niliulizwa babu yangu alitoka wapi, wakati alizikwa pale pale Kibera, na kaburi lake nalijua. Niliulizwa hayo ili nipate karatasi ya nchi niliyozaliwa. Na sasa nilikuwa namtengenezea mtu karatasi ya nchi asiyojua hata salamu yake. Sikumwonea wivu. Sikujua tu niliweke wapi jambo hilo kichwani.

Siku ya mahojiano ubalozini aliniomba nimsindikize. Nilikuwa nimemfundisha wiki nzima. Watakuuliza utaishi na nini. Watakuuliza utaishi wapi. Watakuuliza unakusudia kukaa muda gani, nawe useme unataka kuishi huko. Aliyarudia yote vizuri. Mlangoni nilizuiwa, akaingia peke yake.

Alipotoka alikuwa ameshika ukuta.

"Mami, nimeharibu."

"Umeharibu vipi?"

"Ameniuliza kama nitarudi Kenya. Nikamwambia ndiyo, nitarudi, nina nyumba, nina kaburi la mzee, siwezi kuacha kwangu. Nilisema vile nilisema zile mara mbili. Mdomo ulienda wenyewe."

Nikamshika mkono nikamtoa ukutani. Mara mbili alikataliwa kwa sababu hawakuamini kwamba atarudi, na sasa tuliogopa atakataliwa kwa sababu waliamini. Tulinunua chai kwenye kibanda, akainywa yote. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho na kile kitambaa cha kichwa, na sikuweza kujua ni kicheko au ni kilio.

Baada ya wiki kadhaa pasipoti ilirudi. Alikuja nayo saiba bila kuifungua, akaiweka juu ya kibodi yangu. Nilifungua. Ilikuwa na visa. Nilimsomea mara tatu, na kila mara aliuliza, "Kwa hivyo hawakusikia?" Mpaka leo hatujui kama walisikia.

Aliondoka mwezi uliofuata. Fundi wa makochi alibaki kama mwangalizi wa ploti, na mimi nikawa mtu wa kupigiwa simu. Mwanzoni simu zilikuwa za furaha. Mwanawe ameota kitambi. Mwanawe anapika ugali wa unga wa ajabu. Kisha sauti ikabadilika. Alikuwa amepewa kadi ya ukaazi, ndogo kama kitambulisho, ina picha yake.

"Mami, naomba unielezee kitu," akasema siku moja. "Mimi nimekaa hapa miezi mitatu. Yeye amekaa karibu miaka kumi na miwili na amefanya kazi yao mpaka mgongo umepinda. Kwa nini kadi ni yangu?"

"Kwa sababu ya vyumba, shosho."

"Vyumba viko Kawangware."

"Ndiyo."

"Sasa mkataba wa nyumba tunayokaa umeandikwa jina langu. Mimi ndio mwenyeji, yeye ndio mgeni. Analala sebuleni. Anasema ni sawa, lakini mimi nasikia vibaya."

Aliniuliza kama anaweza kumwombea mwanawe kupitia kadi yake. Nilisoma usiku na mchana nilichoweza kukisoma. Mtoto mdogo, ndiyo. Mtu mzima anayejitegemea, hapana. Kama angekuwa mgonjwa asiyejiweza, pengine. Nilimwambia hivyo.

"Kwa hivyo wanataka awe mgonjwa," akasema.

Kisha likaja jambo la siku za kuwa nje ya nchi ile. Sote tulikuwa tumedhani kwamba kadi ikishapatikana atakuwa akija na kwenda apendavyo. Sivyo. Aliyepewa ukaazi kama mstaafu lazima aishi huko sehemu kubwa ya mwaka, la sivyo anaupoteza. Nikaenda kuangalia masharti ya mwekezaji, yule mwenye mtaji mkubwa. Yeye alitakiwa kulala huko siku chache tu kwa mwaka. Niliangalia tena nikidhani nimekosea. Yaani mwenye uwezo wa kununua nchi hatakiwi kuishi ndani yake. Nilimweleza shosho hayo, naye akauliza, "Sasa yeye ameinunua ya nini?"

Mwaka wa kwanza alikuja Kenya mara moja, akakaa miezi yote aliyoruhusiwa kuwa nje, akatengeneza paa, akagombana na fundi kwa sababu ya mfereji wa maji taka, akapatana naye, akarudi. Mwaka wa pili alianza vivyo hivyo. Dada yake mkubwa aliugua, naye akabaki hapa kumuuguza mpaka siku zake zikakaribia kuisha. Akaondoka akilia uwanja wa ndege, na dada yake akafa wiki iliyofuata.

Ni mwaka huohuo karatasi za mwanawe zilipotoka. Alinipigia akipiga kelele kwa Kikuyu, lugha nisiyoijua vizuri, na nilielewa kila kitu. Mwanawe alikuwa huru kusafiri. Alikata tiketi mara moja. Lakini mama hakuweza kuja naye, kwa sababu siku zake za kuwa nje zilikuwa zimekwisha.

Kwa hiyo alikuja peke yake. Aliingia saiba yangu mchana mmoja, mwanamume mrefu mwenye mvi kabla ya wakati, mgongo umeinama kidogo, viganja vigumu kama vya fundi. Alinisalimia kwa Sheng ya zamani, maneno ambayo vijana waliokuwa kwenye kompyuta waliyacheka chini chini. Aliwasikia, akatabasamu.

"Siku hizi mnasemaje?" akawauliza. Wakamfundisha. Akajaribu, wakacheka zaidi.

Alikuwa ametoka kwenye kaburi la baba yake, kwenye kipande cha shamba walichobakiza nyuma ya nyumba yao. Alitaka kuchapisha picha ya kumpelekea mama. Nilipoifungua kwenye kompyuta nilimwona amesimama kando ya msalaba, mikono mbele, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Nilimuuliza kama nikate pembeni ambako kidole cha mpiga picha kilionekana.

Alisogea karibu na kioo cha kompyuta, akaiangalia sura yake mle ndani.

"Nimekaa huko nikifikiria nitakuja tukae hapa, mimi na mama, tumwonyeshe mzee kaburini kwamba nimerudi," akasema. "Sasa mimi niko hapa na yeye yuko kwangu huko. Ni kwangu ama ni kwake, sijui." Akarudi nyuma. "Chapisha tu vile iko."

Nikaichapisha. Akaishika kwa ncha za vidole mpaka wino ukakauka.