Nilivyoacha Kibali Kife Nikingoja Uraia

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nimeketi mbele ndani ya fuso lililobeba dagaa kutoka Liuli kwenda Mbinga. Nimevaa shati langu la kanisani, na mfukoni nina karatasi niliyoiamini kuliko akili yangu. Safari yenyewe ilikuwa ya kununua mkanda wa mashine ya kusaga. Kabla hatujaingia mjini tukasimamishwa kizuizini. Ofisa mmoja wa uhamiaji akaja dirishani, akatusalimia vizuri, akaomba vitambulisho. Dereva akatoa chake. Mimi nikatoa karatasi yangu, nikaikunjua taratibu ili aione yote.

Akaisoma mpaka chini. "Bwana, hii ni barua ya kuonyesha kwamba maombi yako ya uraia yamepokelewa."

"Ndiyo, afande. Nasubiri jibu."

"Vizuri. Kibali chako cha ukaazi kiko wapi?"

Nikamwambia kipo nyumbani. Akauliza kinaisha lini. Hapo nikaitaja tarehe nikitazama magoti yangu, kwa sababu kilikuwa kimekwisha zaidi ya miezi miwili iliyopita, na nilikuwa najua.

Niseme kwanza mimi ni nani, maana ninyi vijana mnaniona nakaa viti vya mbele kwenye mikutano ya kijiji, mnadhani kitovu changu kilizikwa hapa. Nilizaliwa ng'ambo, upande wa Malawi, kwenye ile milima mnayoiona siku ambayo ziwa halina ukungu. Nilikuja Liuli kutengeneza mashine ya kusaga iliyokuwa imekufa. Nilikuja kwa wiki mbili. Wiki zenyewe hazijaisha mpaka leo, kwa sababu nilikutana na Restituta, mwalimu wa chekechea, binti wa Mzee Ndunguru wa Mkumbi. Tukaoana, tukapata Neema na mdogo wake. Kila baada ya miaka miwili nilipanda Mbinga kuhuisha kibali changu cha ukaazi, na sikuwahi kuchelewa hata siku moja.

Miaka ilipotimia nikaomba uraia. Jambo lile lilifika mpaka kwenye mkutano wa kijiji. Mwenyekiti akauliza kama yupo mwenye pingamizi, bibi mmoja akasimama nyuma akasema, "Huyu mkimfukuza, mashine nani ataitengeneza? Wewe mwenyekiti?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini machozi yalinilenga. Tangazo la ombi langu likatoka gazetini. Nikapewa ile barua ya kupokelewa, nikaambiwa nisubiri.

Sasa sikia ujinga wangu. Sisi watu wa ziwa hili, pande zote, mtu akishapeleka posa anakaa kimya. Mshenga ameshasema, neno liko kwa wazee wa binti, na wewe kazi yako ni kutulia. Hupiti mlangoni kwao kila siku. Na huonekani ukishughulikia mambo yako kwingine, kwa sababu watasema kijana huyu hakuwa na nia. Mimi adabu ile ya posa nikaibeba nzima nzima, nikaipeleka serikalini. Nikajiambia, nimeshaiomba nchi hii inipokee kama mtoto wake. Leo niende tena kujaza fomu inayosema mimi ni mgeni, naomba miaka miwili ya kukaa? Si wataona nimekata tamaa na ombi langu mwenyewe? Niliona ni kama kuirudisha posa kwa mkono wangu.

Restituta alinikumbusha mara tatu. Mara ya mwisho alikuwa anapepeta mahindi.

"Baba Neema, kibali kinaisha mwezi ujao."

"Subira yavuta heri, mama."

"Subira haikukatazi kwenda Mbinga."

Nikakasirika. Nikamwambia mambo haya yana heshima yake na wanawake hawayaelewi. Mungu anisamehe, maana Restituta ameshanisamehe, ingawa bado hunitania kwa maneno hayo kila nikisahau kitu.

Basi turudi pale kizuizini. Yule ofisa hakunifokea. Alipiga simu kwa mkubwa wake, akaandika jina langu na la kijiji, akasema nifike ofisini Jumatatu saa mbili asubuhi nikiwa na pasipoti, kibali kilichokwisha, na mtu wa kunidhamini.

"Wanaweza kunirudisha ng'ambo?" nikamuuliza.

"Mkubwa ndiye atakayeamua. Ila usipofika tutakufuata, na hapo hatutakuwa na mazungumzo."

Gari likaondoka. Dereva, mtu wa rika langu tuliyezoeana, akaendesha mpaka tulipoingia mjini, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, Jumatatu unajipeleka mwenyewe machinjioni? Keshokutwa kuna boti inavuka. Vuka, kaa kwenu mwezi mmoja, halafu urudi kama mgeni mpya. Ziwa halina geti."

Maneno yale yalikuwa matamu, mwanangu. Mtu mwenye hofu hasikii ushauri mbaya kama mbaya, anausikia kama mlango. Nikahesabu: Jumapili navuka, Jumatatu wananikosa. Nikampigia simu Restituta, nikamweleza ya kizuizini na ya boti. Hakusema "si nilikwambia." Aliuliza tu, "Na watoto niwaambie umekwenda wapi?"

Nikakata simu. Nikapanda pikipiki mpaka Mkumbi kwa baba mkwe. Nakwambia kweli yangu, sikujua kama nakwenda kuomba udhamini au kuaga.

Nilimkuta Mzee Ndunguru shambani mteremkoni, anachimba ngolo, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia mvua isibebe udongo. Alikuwa mtu mfupi, mkali, asiyependa mtu asemaye sana. Nikasimama mbali kidogo kama mkwe anavyotakiwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwenzako yuko wapi?"

Nikamweleza kila kitu. Kibali, posa, barua, kizuizi, boti. Aliendelea kuchimba mpaka nilipomaliza. Kisha akaegemea jembe, akanyoosha kidole kwenye mibuni yake.

"Hiyo kahawa niliipanda Restituta akiwa darasa la kwanza. Ilikaa miaka mitatu bila kunipa hata punje. Miaka hiyo mitatu, unadhani nyumbani kwangu watu walikula nini?"

"Sijui, baba."

"Maharage. Nililima maharage katikati ya mibuni ileile. Na kahawa haikukasirika."

Nikainamisha kichwa. Hakuwa amemaliza.

"Unasema posa. Posa yako mimi ndiye niliyeipokea. Ulingoja miezi mitano. Miezi hiyo mitano uliacha kufunga mlango wa nyumba yako? Uliacha kula? Ungeacha ukafa, ningemwoza binti yangu kwa nani? Anayeomba hujitunza ili jibu likija limkute. Wewe umeomba halafu umejiua mwenyewe, na unaita heshima. Ni kiburi. Uliona aibu kuitwa mgeni siku chache zaidi."

Maneno yale yalinichoma kwa sababu yalikuwa kweli. Nikajitetea kidogo, nikasema labda boti ingekuwa nafuu kwa wote. Mzee akanitazama usoni, jambo ambalo hakuwa akilifanya mara kwa mara.

"Ukipanda boti hiyo, usirudi kwangu. Kosa ulilonalo sasa ni la mzembe. Ukivuka litakuwa la mkimbia sheria. Mzembe naweza kumsindikiza ofisini. Huyo wa pili simjui. Jumatatu tunakwenda wote."

Siku mbili zile nilikaa pale Mkumbi kwa mzee. Jumapili Restituta akafika na lori la mahindi, watoto kawaacha kwa jirani, karatasi zangu zote kazifunga ndani ya mfuko wa nailoni: pasipoti, vibali vya zamani, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto. Alikuwa amezipanga kwa miaka. Niliogopa, mwanangu. Nimewahi kuzolewa na wimbi, nimewahi kuumwa mpaka padri akaitwa, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa nikimtazama mke wangu anahesabu zile karatasi. Kama wangeamua nirudishwe, yeye angebaki na watoto upande huu, mimi upande ule, na kosa lingekuwa langu peke yangu.

Jumatatu tulifika kabla ofisi haijafunguliwa. Tukakaa kwenye benchi, Mzee katikati yetu. Saa zikaenda. Mtu mmoja aliyeingia kabla yetu alitoka na begi lake akiwa katikati ya maofisa wawili, wakampakia kwenye gari, na mke wake akabaki amesimama pale nje ameshika viatu vya mtoto. Restituta akanishika mkono hadharani, mbele ya baba yake. Katika desturi zetu si jambo dogo hilo. Mzee akajifanya hakuona.

Mkubwa wa ofisi alikuwa mama wa makamo, miwani puani. Akafungua pasipoti, akafungua vibali vya nyuma kimoja kimoja.

"Miaka yote hii hukuchelewa. Safari hii ilikuwaje?"

Nilikuwa nimeandaa uongo kuhusu ugonjwa. Nikauacha. Nikamwambia kweli: niliona aibu kuomba ugeni wakati nimeshaomba uraia. Nilidhani nitaonekana sina imani na ombi langu.

Akavua miwani. "Baba, hapa hatuposi. Kuomba uraia hakukupi ruhusa ya kukaa. Kibali ndicho kinachokukalisha nchini wakati maombi yako yanatembea. Kimoja hakimkasirishi mwenzake. Nani alikwambia vinagombana?"

"Hakuna, afande. Nilijiambia mwenyewe."

Mzee Ndunguru akaomba ruhusa ya kusema. "Mwanangu afande, simtetei. Amekosa. Ila alishauriwa avuke ziwa na hakuvuka. Huyo mbele yako amekuja kwa miguu yake."

Mama yule akatazama karatasi muda mrefu. Akatoka, akarudi, akapiga simu, akaandika. Sijui alizungumza na nani. Mwisho akasema nitalipa faini ya kukaa bila kibali, nitajaza fomu mpya siku ileile, na sitarudishwa. Restituta akaangua kilio pale pale. Mimi nikataka kushukuru, yule mama akainua mkono.

"Bado. Hiyo miezi miwili siwezi kuifuta. Wanaoamua uraia wataiona."

Waliiona. Mwaka uliofuata jibu lilikuja: ombi halikukubaliwa, kwa kuwa ukaazi wangu ulikatika. Ningeweza kuomba upya baada ya miaka kutimia tena, safari hii bila pengo. Nikaanza kuhesabu mwanzo, mtu mwenye mvi za kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi niliujenga ukuta ule tofali kwa tofali, kibali kwa kibali, kila miaka miwili, wiki sita kabla ya tarehe.

Miaka ikatimia, nikaomba tena, nikaanza kungoja upya, na Mzee Ndunguru naye akazeeka. Kila nilipokwenda Mkumbi alikuwa na swali moja, hata kabla hajaniambia nikae: "Jibu limekuja?" Bado, baba. Alipougua, akiwa kitandani hawezi kushika kikombe, aliniuliza hivyo hivyo. Bado, baba. Akafumba macho, akasema, "Endelea kulima maharage." Tulipomzika nilisimama na wakwe wenzangu, nikatupa udongo kaburini, na mfukoni mwangu kulikuwa na kibali cha mgeni. Jibu la kukubaliwa lilikuja baada ya mavuno ya mwaka uliofuata. Nilikula kiapo nikiwa na Restituta peke yake, na tulipotoka nje nililia kama mtoto. Watu walidhani ni furaha. Ilikuwepo furaha, sikatai. Lakini mtu niliyetaka kumjibu alikuwa ardhini.

Basi mwanangu, nawe ambaye labda umeomba jambo kubwa na unangoja: usiache mbachao kwa msala upitao. Barua ya kupokelewa si ruhusa. Tazama tarehe iliyoandikwa kwenye kibali chako leo, si kesho, na uende ofisini mapema kabla haijafika, hata kama umeambiwa jibu la uraia liko njiani, hata kama unaona haya kuitwa mgeni mara moja zaidi. Haya ya siku moja ni nyepesi. Subira ni njema, lakini subira haikai mikono mitupu. Na nyumbani kwako akiwepo anayekukumbusha, mke, mume, dada, yeyote, usimjibu kwa methali. Amka uende. Ukikosea, nenda mwenyewe ukaseme kweli, maana aliyejipeleka husindikizwa, aliyekimbia hufuatwa. Mimi nilidharau miezi miwili, ikanichukulia miaka, na miaka ile ndiyo iliyokuwa imebaki kwa mzee wangu.

Mungu akulinde katika kungoja kwako, mwanangu. Akupe jibu jema, likukute umekaa kihalali na mlango wako uko wazi, na wale unaotamani walisikie wawe bado hai kulisikia.