Bi Pua na Mashine ya Vitufe

Jina la Bi Pua alipewa na madereva wa teksi waliokuwa wakiegesha mbele ya mgahawa wake, na hakulichukia. Pua yenyewe ilikuwa ya kawaida tu, tena ndogo. Kilichompa jina ni kazi ya pua hiyo. Asubuhi alikuwa akisimama mlangoni, muuza maziwa hajashusha hata dumu la kwanza, na kumwambia, "Hilo la nyuma lirudishe ulikolitoa." Likifunguliwa, kweli limeanza kuchacha. Mfuko wa buni hakuhitaji kuufungua ili ajue imekaangwa lini. Aliuminya, akanusa hewa iliyotoka kwenye kitundu chake, akasema juma hili au juma lililopita, na aliyeuleta akabaki anakuna kichwa.

Mgahawa ulikuwa chini ya jengo la ghorofa lenye ofisi za bima, mkabala na zahanati ya macho. Ulikuwa chumba kimoja kirefu chenye kaunta ya mbao, na nyuma ya kaunta ilikuwepo mashine ya kahawa ya zamani aliyoikuta pale siku alipopanga. Mashine hiyo ilikuwa na mkono wa chuma wenye kikombe cha kichujio. Unajaza kahawa iliyosagwa, unashindilia, unaupachika mahali pake, kisha maji ya moto yanapita kwa presha. Bi Pua aliishi nayo kama mtu anavyoishi na mume mkorofi aliyekwisha kumzoea. Alijua ipi ni kelele ya kawaida na ipi ni ya kununa.

Mdogo wake alikuwa mbia wake tangu mwanzo. Huyo alikaa kwenye fedha, akapeleka vikombe mezani na kupiga soga na wateja, maana ulimi alijaliwa. Waligawana hivyo bila kuandikiana: mmoja apike, mmoja aseme.

Mashine za vitufe, zile ambazo mtu anabonyeza picha ya kikombe na kahawa inajitiririkia yenyewe, Bi Pua alizidharau. Moja ilikuwepo juu kwenye ofisi za bima, na makarani walikuwa wakishuka ngazi kuikimbia.

"Ile haipiki," alikuwa akisema. "Ile inatema mate."

Kisha akaugua. Yalianza kama mafua, yakawa homa, akalala juma zima. Aliporudi kazini alikuwa amekonda, wateja wakampa pole, akashukuru. Siku chache baadaye alimenya chungwa jikoni kwake, na chungwa halikunuka. Aliliminya ganda mbele ya pua hadi rasharasha zikamwingia jichoni. Jicho likawasha, pua haikuleta habari yoyote. Akafungua kopo la karafuu. Akafungua chupa ya mafuta ya taa. Halafu akanawa mikono, akaenda kazini.

Hakumwambia mtu. Mwanzoni alidhani itarudi yenyewe, na kitu kitakachorudi hakina haja ya kutangazwa. Majuma yalipopita alijikuta amekwisha kuficha mno, hata kusema kungekuwa kukiri mambo mawili kwa mpigo.

Akaanza kufanya kazi kwa macho. Aliangalia rangi ya kahawa inavyoshuka, kama ni nyembamba au inavutika. Kikombe cha kwanza cha asubuhi alimpa mdogo wake, akamtazama usoni anapomeza. Mdogo mtu akikunja uso hata kidogo, Bi Pua aligusa mashine ya kusagia, akaikaza au kuilegeza. Alimwachisha muuza maziwa, akaanza kununua maziwa ya pakiti yaliyopigwa muhuri wa tarehe. Muuza maziwa aliuliza amekosa nini. Aliambiwa hajakosa kitu, jibu ambalo halikumsaidia.

Mambo yangeendelea hivyo kwa muda, lakini asubuhi moja mashine ya zamani ilipasuka ndani, kwenye boila linalochemsha maji. Maji yalichuruzika chini ya kaunta mpaka kwenye viatu vya wateja. Fundi aliyeizoea alikuja, akaifungua, akafuta mikono kama daktari mbele ya ndugu wa mgonjwa.

"Mama, hili boila limekwisha," alisema. "Nikiziba hapa, kesho litatobokea pale. Kazi naitaka, lakini hii nitakuwa nakuibia."

Ndugu wawili wakafunga mgahawa, wakaenda kutafuta mashine.

Duka waliloelekezwa lilikuwa na mashine zimepangwa ukutani kama magari, zinang'aa hata mtu anaona meno yake. Muuzaji alikuwa mwanamume mnene mwenye tai fupi, mtaratibu, asiyependa kumsukuma mteja. Aliuliza wateja wao huja kwa wakati gani. Mdogo mtu akamweleza kwamba asubuhi wanaingia kwa kishindo kabla ya ofisi kufunguliwa, kisha wanadondoka mmojammoja hadi jioni. Aliuliza kuhusu umeme, akaambiwa jengo ni la zamani na nyaya zake ni za kubembeleza. Aliuliza maji yakoje, akaambiwa yana chokaa, birika lao la nyumbani lina ukoko ndani.

"Basi ninyi msichukue kubwa sana," alisema. "Itawakatia umeme jengo zima. Hii ya kati yenye mikono miwili inawatosha. Vipuri vyake vipo, na fundi yeyote wa hapa anaifahamu. Mfunge tu chujio la maji, la sivyo chokaa itaila kama ilivyoila ile ya kwanza."

Mdogo mtu alifurahi. Aligeuka amwambie dada yake aijaribu mikono ile kama ina uzito unaomfaa. Dada yake hakuwa pale. Alikuwa mwisho wa ukuta, mbele ya mashine ya vitufe.

"Mimi nataka hii," alisema Bi Pua.

Mdogo wake alicheka, akadhani ni utani. Alipoona mwenzake hacheki, akaacha.

Walirudi mgahawani bila kununua, wakakaa kila mmoja kwenye kiti chake, mlango umefungwa nusu. Mdogo mtu hakuwa mtu wa kuweka neno moyoni hadi kesho.

"Mashine ile mtu mmoja anaitosha," alisema. "Anabonyeza, anapokea pesa, anafuta meza. Niambie tu, dada. Unataka kunitoa?"

"Nani kasema kukutoa?"

"Sasa kwa nini? Wewe uliyekuwa ukisema inatema mate."

"Mikono inaniuma. Nimechoka kushindilia."

Mdogo wake aliitazama ile mikono. Asubuhi hiyohiyo ilikuwa imebeba mashine iliyokufa, upande mmoja fundi, upande mwingine Bi Pua, hadi kwenye gari. Alisema, "Sawa. Twende na buni yetu, tuonje zote mbili. Hiyo ya vitufe ikinipa kahawa ya kunyweka, nakubali, na sitaongea tena."

Bi Pua hakuwa na njia ya kukataa.

Walirudi dukani na mfuko wa buni. Muuzaji aliwakaribisha, akawaambia wanatumia mashine za maonyesho, wasijali. Alianza na ya vitufe kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na ubishi. Alimimina buni juu yake, akabonyeza, ikasaga, ikanguruma, ikatoa kikombe kizuri cha kutazama, chenye povu la rangi ya udongo. Kwa heshima akampa mkubwa kwanza.

Harufu ilimfikia mdogo mtu kabla kikombe hakijapita mbele yake. Ilikuwa harufu kali ya dawa, kama choo cha hospitali kilichosuguliwa asubuhi. Muuzaji naye aliisikia, akanyanyua kichwa na kuitazama mashine. Bi Pua alikuwa amekwisha kunywa. Alimeza, akatulia kidogo kama afanyavyo mtu anayepima.

"Si mbaya," alisema. "Ina uzito. Watu wataizoea."

Muuzaji alimnyang'anya kikombe. "Tema, mama, tema. Hiyo ina dawa ya kusafishia. Wameiosha asubuhi hawakuisuuza." Alimshika mkono hadi kwenye sinki, akamfungulia maji, akaomba radhi, akaomba tena. Bi Pua alisukutua mdomo mara kadhaa. Uchungu aliusikia, ila kahawa nayo ni chungu. Alipoinua uso kutoka kwenye sinki, mdogo wake alikuwa amesimama palepale, ameshika mfuko wa buni kwa mikono miwili, na alikuwa amekwisha kuelewa.

Nje ya duka palikuwa na benchi la saruji. Walikaa hapo. Watu walipita na mizigo yao. Mdogo mtu alikunja na kukunjua mdomo wa ule mfuko.

"Tangu lini?"

"Tangu ile homa."

"Hata maziwa?"

"Hata maziwa."

"Kumbe yule kaka wa watu ulimwachisha bure."

"Nilimwachisha bure."

"Na kila asubuhi ulikuwa unanikazia macho nikinywa. Nikawa nasema, dada siku hizi ananipenda."

"Nilikuwa nakusoma."

"Ungeniuliza ningekusomea mwenyewe."

Bi Pua alitoa sababu yake ya kweli. Alisema mashine ya vitufe haihitaji pua. Alitaka siku watu watakapojua, pua iwe haina tena maana: kahawa inatoka ileile, nani kabonyeza hakuna anayejali. Alisema haya kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza njia ya kufika stendi, lakini vidole vyake vilikuwa vinachuna rangi iliyobanduka kwenye benchi.

"Na wewe ungekuwa nani pale?" aliuliza mdogo wake.

"Ningebonyeza."

"Ungekufa kwa kununa kabla ya mwezi kwisha, na mimi ndiye ningekuzika. Inuka twende."

Walinunua ile ya kati yenye mikono miwili, pamoja na chujio la maji na mizani ndogo ya kupimia kahawa. Muuzaji aliwapunguzia bila kuombwa. Hospitalini, daktari alimwambia Bi Pua kwamba pua yaweza kurudi na yaweza isirudi, na akampa zoezi la kunusa vitu vikali asubuhi na jioni, hata kama haoni tofauti. Alilifanya. Wifi zake waliokuja kumtembelea walimkuta siku moja uani anainusa karafuu kwa bidii, wakarudi kimyakimya.

Kazi ilibadilika. Bi Pua sasa alipima kahawa kwenye mizani, akahesabu kimoyomoyo wakati maji yanapita, na kikombe cha kwanza alikipeleka kwa mdogo wake waziwazi, akisubiri hukumu. Taabu ni kwamba mdogo wake hakuwa na maneno ya hukumu hiyo.

"Chungu," alisema.

"Chungu vipi?"

"Chungu tu."

"Chungu kama dawa, au chungu kama ukoko wa wali ulioungua?"

"Kama ukoko."

"Basi nimesaga laini mno."

Ilibidi amfundishe mwenzake kunusa, yeye asiyenusa, na hilo lilimchosha kuliko kushindilia. Zipo asubuhi alizompa kisogo na kukataa kuuliza. Siku moja, wateja wamejaa hadi mlangoni, mdogo mtu alinusa kikombe alichokuwa anakipeleka mezani, akakirudisha kaunta na kusema, "Mwaga hii." Alisema kwa sauti yake ya siku zote, ambayo haikuwahi kuwa ndogo. Karani wa bima na madereva wawili waligeuka. Miaka yote hiyo hapakuwa na mtu aliyemwambia Bi Pua amwage kikombe. Alikitazama, akakimwaga, akapika kingine. Mchana, meza zilipokuwa tupu, alimwomba mdogo wake kwamba siku nyingine aseme hivyo kwa jicho. Mdogo wake alikubali, akajitahidi, na kwa kawaida alisahau.

Muuza maziwa aliitwa tena. Bi Pua alimweleza ukweli, naye akawa mtu wa kwanza kuambiwa nje ya familia na hospitali. Alisikiliza yote, akasema pole sana mama, kisha akataja bei mpya.

Pua ilianza kurudi msimu uliofuata, vipandevipande na bila mpango. Kwanza sabuni. Halafu moshi wa gari, ambao aliukaribisha kama mgeni. Asubuhi moja akiwa anapachika mkono wa mashine alirudi nyuma ghafla, akaitazama kahawa, akamwita mdogo wake.

"Onja hii haraka. Imeharibika."

Mdogo mtu alionja. Akaonja tena. "Nzuri mno hii. Ina nini?"

"Inanuka tairi linaloungua."

"Mimi sisikii tairi."

Kumbe pua ilikuwa imeinusa kahawa, ila kwa harufu isiyo yake. Kisha mdogo mtu akavuta kiti, akakaa, na machozi yakamtoka huku teksi ya kwanza ikiegesha nje. Daktari alieleza baadaye kwamba huwa hivyo, pua inaporudi hukosea njia kwanza, na huenda ikajirekebisha au isijirekebishe.

Ya Bi Pua imejirekebisha kwa karafuu, kwa chungwa na kwa maziwa. Kwa kahawa bado ni tairi, ingawa anasema siku hizi ni tairi la mbali kidogo. Hajaacha kazi. Anapima, anashindilia, anasikiliza maji yanavyopita, na mdogo wake anaonja. Wateja wa ghorofani wanashuka kama zamani, na wapya wakiisifu kahawa, mdogo mtu ndiye anayepokea sifa, kwa kuwa ndiye anayesimama nao. Yeye mwenyewe Bi Pua anakunywa maji ya moto yenye tangawizi, na kahawa anawapikia wengine.