Arobaini ya Maji Baridi

Mama mkwe wangu alisafiri siku nzima kutoka Iringa hadi Mbeya akiwa amepakata chungu. Utingo alitaka kukipandisha juu ya basi pamoja na mizigo mingine, akakatazwa. Chungu kile kilikuwa cha kuchemshia maji ya kumkanda mke wangu, aliyekuwa amejifungua siku mbili kabla, na mama mkwe hakuamini kwamba Mbeya nzima kungeweza kupatikana chungu cha kufaa kazi hiyo.

Ilikuwa Juni. Mwezi huo, asubuhi, nyasi za Ilomba, pale Mbeya tulipoishi, huwa nyeupe kwa umande ulioganda, na ukizikanyaga zinalia chini ya kiatu. Miaka ile ya hamsini Ilomba ilikuwa mashamba ya mahindi na viazi, na nyumba chache zilizotawanyika. Yetu ilikuwa ya vyumba viwili, na nyuma yake kilipita kijito kilichoshuka kutoka mlimani. Maji ya kijito kile ndiyo tuliyokunywa, tuliyopikia na kufulia. Mimi nimezaliwa Idodi, kwenye joto, ambako hata maji unayoyaita baridi yana uvuguvugu wake. Haya ya Mbeya yalikuwa yanauma.

Nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali mjini. Nilikuwa nimesoma mpaka sekondari, jambo ambalo wakati ule wachache walikuwa wamelifikia, nami sikuacha watu wasahau.

Mama mkwe alikuja na sheria zake. Alikuwa mtu wa Iringa mjini, lakini ukoo wao ulitoka pwani, na kwao mzazi hashiki maji baridi mpaka arobaini itimie. Haoshi chombo, hafui, hachoti. Hata kunawa mikono ananawa ya uvuguvugu. Mara mbili kwa siku mke wangu alikandwa kwa maji yaliyochemshwa na majani, halafu akafungwa tumbo kwa kanga na kulazwa karibu na moto. Moto wenyewe haukuzimwa. Mzigo wa kuni ambao ungetutosha mwezi uliisha siku ya nane, na nguo zangu za kazi zikaanza kunuka moshi.

Niseme ukweli, sikukasirishwa na kuni. Nilikasirishwa na kwamba katika nyumba yangu kulikuwa na mtu anayejua kitu, na mtu huyo hakuwa mimi.

Jumapili ya siku ya kumi na moja, mama mkwe alikwenda sokoni kutafuta kuku wa supu. Kesho yake bwana mkubwa angekuja kukagua ofisi, na shati langu jeupe lilikuwa chafu. Mama mkwe asingeweza kunifulia shati, isingekuwa adabu. Lakini mimi mwenyewe ningeweza. Nilikaa bweni miaka mingi, nikifua nguo zangu kila Jumamosi. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi kuliko yote: nilikuwa najua kufua.

Nilimpelekea mke wangu lile shati.

"Dakika tano tu," nikamwambia. "Na ulitie wanga kidogo kwenye kola."

"Mama kasema nisishike maji."

"Mama yuko sokoni. Na maji ni maji. Shuleni tulifundishwa kwamba ugonjwa unaletwa na vijidudu, hauletwi na baridi."

Alinitazama kidogo. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Akanipa mtoto nimshike, akachukua shati na kipande cha sabuni, akaenda kijitoni.

Mama mkwe alirudi na kuku mkononi, akamkuta binti yake ameinama juu ya jiwe la kufulia, mikono imekuwa myekundu. Hakumkaripia. Alimwacha kuku aanguke, naye kuku akakimbilia mahindi ya jirani. Akaichukua ile mikono miwili, akaiingiza kwapani mwake chini ya kanga, wakasimama hivyo mpaka ikapata joto. Kisha akaja kwangu.

"Mwanangu, nani kamtuma?"

"Mimi, Mama."

Ningeishia hapo, huenda tungesameheana siku hiyohiyo. Lakini niliendelea. Nilisema kwamba mambo hayo ya kizamani yamepitwa na wakati, kwamba nyumba imejaa moshi na kuni zimekwisha, na kwamba mtu mzima anawekwa kama yai. Nilisema kwa sauti ya ofisini.

Alisikiliza mpaka nikamaliza. "Haya. Wewe umesoma, mimi sikusoma," akasema. "Kama maji baridi si kitu, basi yashike wewe."

Asubuhi alipanda basi. Mtu aliyehesabiwa kuni na moshi hawezi kulala tena katika nyumba hiyo. Mlangoni alimwambia binti yake, nami nasikia, "Ukiweza kusafiri, njoo nyumbani."

Siku mbili baadaye mke wangu alipata homa. Titi moja lilikuwa gumu kama kiazi kibichi, na mtoto alipolivuta, mke wangu aliuma kanga ili asilie. Mganga msaidizi wa zahanati alimpa dawa, akasema apate joto, apumzike, na mtoto azidi kunyonya. Nilimuuliza kama ni maji ya baridi yaliyoleta homa ile. Akasema hajui, huenda ndiyo, huenda hapana. Mpaka leo sijui. Nilichojua ni kwamba nilimtoa mzazi kitandani kwa ajili ya kola ya shati.

Jioni ile mke wangu alisema, bila hasira, akiwa ameugeukia ukuta, "Homa ikiisha nitakwenda kwa mama. Na mtoto."

Hakusema atarudi lini, nami niliogopa kuuliza. Sanduku lake dogo la bati lilikuwa chini ya kitanda. Siku iliyofuata nililikuta limewekwa karibu na mlango.

Niliomba likizo yangu yote ya mwaka. Sikuwa na mpango wowote mkubwa. Niliona tu kwamba mtoto ana nepi chafu, kwamba mama yake hatazifua, na kwamba nyumbani hakuna mtu mwingine.

Asubuhi ya kwanza nilibeba nepi zile, vipande vya kanga kuukuu, na debe la maji ya moto. Nilijiona mwerevu. Jirani yetu, mama mmoja Mnyakyusa wa umri wa mama yangu, alikuwa kijitoni akiosha viazi. Alinitazama nikimwaga maji yanayotoa mvuke juu ya nepi.

"We baba, unapika nini hapo?"

"Nafua, Mama."

"Unapika. Mavi ya mtoto ukiyamwagia moto yanashika nguo mpaka siku ya Kiama. Baridi kwanza! Baridi, halafu sabuni, halafu jua. Maji ya moto mpelekee mzazi."

Nikatia mikono kijitoni. Maumivu yalipanda mpaka kwenye viwiko, mahali ambapo maji hayakufika. Niliitoa, nikaipuliza. Yule mama akacheka mpaka kiazi kikamponyoka kikachukuliwa na maji.

Wakati huo wanaume wawili walikuwa wanavuka daraja la kijito na baiskeli zao. Mmoja alinijua.

"Karani! Umeolewa lini?"

"Mwacheni," mama jirani akawajibu kabla sijafungua mdomo. "Kajifungua juzi. Ninyi mlileta nini?"

Walikwenda wakicheka, na kicheko kile kilinifuata siku nyingi mtaani. Lakini jioni mmoja wao alileta mkungu mdogo wa ndizi, akauweka mlangoni na kuondoka.

Jikoni nako nilikuwa mbumbumbu. Siku ya kwanza nilimwaga unga moja kwa moja kwenye maji yanayochemka, nikapata sufuria ya mabonge. Mke wangu alionja, akatoa kitu kinywani kwa vidole.

"Uji huu una mawe."

"Ni unga."

"Basi ni mawe ya unga."

Akacheka kidogo, kisha akashika titi kwa maumivu, akanifukuza kwa mkono. Nilitoka nje nikasimama kando ya mlango. Ulikuwa mcheko wake wa kwanza tangu mama yake aondoke, na sikutaka aone jinsi ulivyonishika.

Mama jirani ndiye aliyenifundisha kwamba unga hukorogwa kwanza kwa maji baridi, kwa mkono, mpaka vidole visikute bonge, ndipo umiminwe kwenye sufuria huku unakoroga. Alinifundisha kuloweka maharage tangu jana yake ili yasile kuni. Alinionyesha mahali kijito kinapopita chini ya jiwe, ambapo jagi la maziwa likisimamishwa asubuhi, maziwa hayaharibiki mpaka jioni. "Mlima ndio unaoyatunza," alisema. "Usiukasirishe kwa sabuni. Sabuni kule chini." Nilipomshukuru, naye alinishukuru kwa Kinyakyusa, "ndaga," akanikabidhi ungo nimshikie.

Kila siku nilichemsha maji kwa chungu kile ambacho mama mkwe alikiacha. Sikujua kukanda, niliyapeleka tu na kuyaweka, naye mke wangu akajikanda mwenyewe huku mimi nikimshika mtoto. Homa ilishuka wiki ya pili ya likizo yangu. Titi likalainika. Mtoto akaanza kunenepa mashavu.

Mikono yangu ilipasuka. Niliipaka samli, nikaificha mifukoni nilipokuwa ndani. Asubuhi moja, nikikamua nepi ya sita au ya saba, nilijiuliza ni asubuhi ngapi mke wangu alikuwa ametia mikono yake humu tangu nimwoe. Miaka miwili. Juni mbili, Julai mbili. Chai yangu ilitoka humu, mashati yangu yalitoka humu, na sikuwahi hata siku moja kuitazama mikono iliyonikabidhi kikombe. Shati la Jumapili ile lilikuwa moja tu kati ya mengi. Mama mkwe alikuwa amekuja kumpa binti yake siku arobaini ambazo mikono ya mtu mwingine ingefanya kazi, nami nikaona kitu pekee cha kubishania ni kama baridi inaleta ugonjwa.

Nikamwandikia barua. Niliandika kwamba nilimtuma mwanawe kwenye maji baridi kwa sababu ya majivuno, kwamba maneno ya kuni na moshi naomba niyameze, na kwamba sasa nayashika maji mimi kama alivyosema. Nilimpa dereva wa basi aipeleke dukani kwa baba mkwe, aliyeuza vitambaa Iringa. Jibu halikuja.

Siku ya thelathini na tisa mama mkwe alishuka kwenye basi mwenyewe, na furushi la mchele alilonunua waliposimama Chimala. Alinikuta kijitoni. Nilisimama, mikono ikitiririka maji, nikamwamkia.

"Marahaba," akasema. Akaangalia kamba ya nguo, kisha mikono yangu. "Barua yako ilisomwa dukani, watu wanapima vitambaa. Baba mkwe wako ana sauti kubwa. Iringa nzima inajua umemfulisha mzazi shati."

"Ni kweli, Mama."

"Ndiyo. Na mimi nimekuja kumchukua."

Alikuwa na haki, na sanduku bado lilikuwa karibu na mlango. Nilibeba furushi la mchele nikamfuata ndani. Walikumbatiana, wakalia, wakamchunguza mtoto mwili mzima kama watu wanaonunua kitambaa. Kisha mama mkwe akasema, "Haya, basi linaondoka kesho kutwa asubuhi. Umejiandaa?"

Mke wangu hakunitazama. Alikuwa anamfunga mtoto nepi.

"Mama, nepi bado hazijakauka," akasema. "Huku nguo inakaa kambani siku tatu."

"Zitakauka njiani."

"Hazitakauka."

Mama mkwe alimtazama binti yake. Halafu akavua kanga ya juu, akaikunja, akaiweka juu ya lile sanduku la bati kama mtu aliyefika kukaa.

"Kumbe," akasema. Na kwangu: "Wewe, kuni ziko wapi? Au nazo zimekwisha?"

"Zipo, Mama. Ziko nyingi."

Sikumwambia mke wangu "nimekosa" kwa mdomo, wala siku ile wala mwaka ule. Nilidhani nepi zilikuwa zimesema. Hilo nalijutia mpaka leo, maana kuna mambo ambayo mtu anastahili kuyasikia kwa masikio. Na alipozaliwa mtoto wetu wa pili nililegea. Nilifua wiki mbili tu, kisha nikajificha nyuma ya kazi, mpaka mama jirani akaja mlangoni kuniita kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima. Sikubadilika kwa mara moja. Lakini mke wangu alikuwa ameniachia mlango wazi siku ile ya nepi, na mara nyingi nimepita humo.

Arobaini ilipotimia, asubuhi, mke wangu alitoka mwenyewe mpaka nyuma ya nyumba na sufuria ya mchele wa Chimala. Nilikimbia kumpokea.

"Ngoja, nitauosha mimi."

"Siku zimekwisha," akasema.

Akachota maji ya kijito, akayamimina juu ya mchele, akatia mikono yote miwili. Alishtuka, akavuta pumzi kwa meno, kisha akaanza kuusugua mchele, akamwaga yale maji meupe, akachota mengine. Nilisimama pale na mikono yangu iliyopasuka, sijui niiweke wapi.

"Usisimame tu," akaniambia bila kuinua kichwa. "Ishike hiyo sufuria, upande huo."