Mkimya wa Gatuanyaga na Maneno ya Kuazima

Walisema hataweza kusimama mbele ya wakwe na kumaliza sentensi. Walisema atatetemeka, atasahau salamu, na atakaa chini kabla hajaulizwa ametoka wapi. Ndugu zake walisema hivyo, majirani zake wa Gatuanyaga wakasema vivyo hivyo, na mwenye kibanda alichozoea kunywea chai akaongeza yake: "Huyo hata chai anaitisha kwa kuinua kikombe." Wiki iliyopita nilipigiwa simu kwamba mzee huyo amefariki, usingizini, nyumbani kwake. Tulimzika Jumamosi. Nilisikiliza hotuba zote, na kila aliyeshika kipaza sauti alikuwa anajua tangu zamani kwamba marehemu angeweza. Kumbukumbu za watu makaburini huwa na adabu kuliko vinywa vyao vya kila siku. Mimi nilisema angeweza wakati ambapo kusema hivyo kulichekesha watu, kwa hiyo naona nina haki ya kuandika habari zake.

Wanaonisoma kila wiki wanajua sijifichi. Nilikwenda ng'ambo na begi moja, nikafanya kazi ya kuosha wazee katika makao yao huku nikisoma, nikarudi na stashahada ya saikolojia ambayo hakuna mjomba wala mbunge aliyenisaidia kuipata. Waliosema nimerudi na jaketi tu, leo wanapanda ngazi za ofisi yangu pale Ruiru, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kuniletea vijana wao niwapime tabia kabla hawajatafuta kazi katika viwanda vya Thika. Ninachowaeleza ni rahisi. Wataalamu wa nafsi wamechambua maneno yote tunayotumia kueleza watu, wakaona kwamba mengi yanaangukia katika mielekeo michache: uchangamfu, uangalifu, upole, wasiwasi na udadisi. Kila mtu ana kiasi chake cha kila mwelekeo, na kiasi hicho hakibadiliki sana miaka inavyokwenda. Ninapowaambia hivyo, wazazi hutaka kujua mtoto wao yuko katika kundi gani. Nami huwajibu kwamba hakuna makundi. Kuna mstari mrefu, na kila mmoja amesimama mahali pake, wengi wakiwa katikati.

Mzee huyu nilimfahamu alipomleta kijana wa marehemu kaka yake, ambaye yeye mzee alimlea tangu utotoni na ambaye alimwita Baba. Kijana alipokuwa akijibu maswali yangu, mzee alikaa kwenye benchi akitazama ukuta kana kwamba ukuta una habari. Nikampa na yeye maswali, bila malipo, nikimsomea moja moja. Kwa uchangamfu alipata alama za chini kuliko mtu yeyote niliyewahi kumpima, na kwa uangalifu akawapita karibu wote. Nilimweleza matokeo. Akaniuliza, "Ni ugonjwa?"

"Hapana, mzee. Ni kama kimo. Kuna warefu na kuna wafupi."

"Basi sawa," akasema, akasimama, akavaa kofia. Katika saa nzima hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote.

Baadaye kijana akapata mchumba, binti wa familia moja ya Mwiki, na mambo ya ruracio, yaani mahari, yakaanza. Kwetu bwana arusi hajisemei kwenye mazungumzo ya mahari. Hukaa kama mgeni, na mdomo wake ni mzee aliyechaguliwa na upande wake. Ukoo ulimchagua binamu mmoja wa mzee, mtu wa vicheko, ambaye katika mstari wangu wa uchangamfu angesimama mwisho kabisa upande wa pili. Kila mtu aliona ni chaguo la wazi. Akaenda, akachekesha, akapigiwa makofi, akazidi kunoga, mpaka akawaambia wenyeji kwamba sisi wageni tumekuja mapema kumchukua binti yao kabla hajazeekea kwenye rafu. Binti alikuwa amempita kijana umri kidogo, na hilo lilikuwa linamuuma mama yake. Mama akainuka akaingia jikoni. Chakula hakikuletwa. Wageni waliondoka bila hata kunawa mikono, na huko kwetu hakuna tusi kubwa kuliko hilo kwa pande zote mbili.

Baada ya majuma mengi ya kuombana radhi kwa simu, wakwe walikubali kuwapokea mara moja tu. Mama wa binti alituma neno kwamba kijana asiyekuwa na mtu wa kumsemea hana nyumba ya kupeleka mke, na safari hii ikiharibika, wasirudi tena. Kijana akakataa wasemaji wote waliopendekezwa. Alimtaka yule aliyemlea. Hapo ndipo maneno niliyoyataja mwanzo yalipozaliwa. Mimi pia niliulizwa, kama mtaalamu, na wajomba walitegemea nitakubaliana nao. Niliwaambia kwamba alama zangu zinaonyesha mtu anavyokuwa siku nyingi zikiwekwa pamoja. Haziwezi kuapa juu ya Jumamosi moja. Mmoja wao akaniambia, "Wewe daktari wa tabia, hiyo diploma yako imeanza kuingia maji." Nilimwacha acheke.

Mzee hakubishana na mtu. Alifanya alivyokuwa akifanya kila kazi, kwa utaratibu. Alikwenda kwa mama mmoja anayeuza mitumba sokoni Ruiru, akakaa kando ya rundo la nguo akisikiliza jinsi anavyomrudisha mteja aliyekwisha kugeuka. Alikwenda kwa dalali wa mbuzi, akajifunza jinsi ya kutaja bei bila kuonekana ana haraka. Kwa mzee wa kanisa alijifunza salamu ndefu, ile inayogusa mvua, mifugo na afya ya waliolazwa. Kwangu alikuja kuuliza jambo moja tu: mtu mkimya akiongea sana, nini kinamtokea? Nikamwambia anachoka, kama anayeandika kwa mkono wa kushoto. Hafi. Akaitikia kwa kichwa.

Nilikuwa kwenye msafara huo. Wanawake wa Mwiki walikuwa wamefunga lango na kujipanga kwa nyimbo na kejeli. "Mnatafuta nini? Hapa hatuuzi maziwa!" mmoja akaita. Niliwaona wajomba wakitazamana. Kisha nikasikia sauti ya mzee, nyembamba lakini haikukatika: "Mama, angalia vizuri kabla hujanifukuza. Mimi ni mtumba wa grade one, nimekunjwa tu vibaya." Wanawake wakaangua kicheko, "Haiya! Huyu ametoka soko gani la mitumba, Gikomba?" na lango likafunguliwa. Ndani akatoa ile salamu ndefu bila kuruka mvua wala mifugo. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni.

Msemaji wa wakwe, mzee mnene mwenye fimbo, alimngoja amalize. "Juzi mlituletea redio isiyozimika," akasema. "Leo mmetuletea gani?"

"Leo ni redio ya betri za kuazima," akajibu. "Nisikilizeni kabla hazijaisha."

Walicheka, na mtu mwingine angeendelea na mzaha hapo kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Yeye aliufunga. Alimgeukia mama wa binti. "Mama, siku ile nilikuwa nimekaa pale karibu na dirisha. Nilisikia ulivyotukanwa nikanyamaza, kwa sababu mimi ni mtu wa kunyamaza. Lakini kunyamaza siku ile lilikuwa tusi la pili, na hilo ni langu. Huyu kijana aliletwa kwangu akiwa mdogo, analia. Sikujua kuongea na mtoto. Nilikuwa nakaa tu karibu yake mpaka atulie. Amekua katika nyumba isiyo na maneno. Tangu amjue binti yenu anakuja nyumbani anaongea, ananieleza mambo, ananiuliza mambo. Tumekuja kuomba hiyo sauti. Habari za mbuzi wa mahari tutaongea na hawa wazee." Akakaa.

Mama akaita kuelekea jikoni, "Nyinyi huko, chakula kinangoja nini? Wageni wana njaa." Kijana aliinamisha kichwa akafuta uso kwa kiganja. Mbuzi walijadiliwa huku watu wakitafuna, na hayo hayakuwa na shida.

Watu wa Gatuanyaga walitangaza kwamba mzee amebadilika. Familia nyingine zikaanza kumwomba awasemee, naye akazikatalia zote. Alijifungia na mbuzi wake siku kadhaa, hata mkwe wake mpya, yule binti wa Mwiki, akanipigia simu akidhani anaumwa. Nilimwambia amwache, anapumzika. Miezi ilipopita nikampima tena kwa maswali yale yale, na alama zake zilikuwa pale pale. Wapo wanaosema nadharia yetu ya mielekeo ilivunjwa pale Mwiki. Mimi naona ilithibitishwa kwa ukamilifu kuliko inavyoelezwa darasani. Mwelekeo ni upande ambao mtu huegemea akiwa hana sababu ya kuegemea kwingine. Akipata sababu, yaani mtu anayempenda, anaweza kusimama upande wa pili kwa muda, na gharama yake ni jasho la mgongoni na siku kadhaa za kimya. Tangu hapo nimeongeza swali moja kwenye kipimo changu, ambalo halina alama: ni nani ungekubali kuwa mtu mwingine kwa ajili yake? Waajiri hawalielewi. Nalisoma jibu lake kabla ya mengine yote.

Baada ya harusi alizunguka siku moja kuwalipa waliomkopesha maneno. Alimpelekea mama wa mitumba kuku, akampelekea dalali kuku, akampelekea mzee wa kanisa kuku, na wote waliniambia kwamba alifika, akakabidhi, akakaa kidogo bila kusema lolote, akaondoka. Jioni akapanda ngazi zangu. Kuku wa kwangu alikuwa chini ya kwapa, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. Alimweka chini ya meza yangu, akakaa kwenye benchi akatazama ukuta. Nilikuwa na mengi ya kumwambia: kwamba nilijua, kwamba niliwaambia, kwamba wajomba sasa wananiita mwalimu. Wanaonifahamu wanajua sijawahi kukosa la kusema mbele ya mtu. Nikaenda kukaa karibu naye, nikanyamaza mpaka aliposimama mwenyewe.