Tepu ya Bluu Kwenye Waya Mwekundu

Nyamizi alitoka Kishapu akiwa hajui hata kubadilisha fyuzi. Baba Safiya, fundi umeme wa Nyasubi, mjini Kahama, ndiye aliyemfundisha kazi, na kwa miaka mingi walipanda nguzo pamoja.

Asubuhi hiyo waliitwa kwenye chumba cha seva cha kampuni moja ya madini, upande wa Geita. Fezi moja, kati ya njia tatu za umeme ulioingia humo, ilikuwa imezidiwa, breka inakata kila mara, na nusu ya kompyuta zinazimika. Nyaya zote zilikuwa nyeusi, hivyo ilibidi kuzitambua kwanza: Nyamizi azime kabati moja la kompyuta, atazame kwenye mita ni fezi ipi imeshuka, kisha Baba Safiya afunge kwenye waya wake tepu ya rangi ya fezi hiyo.

"Nyekundu," Nyamizi alisema.

Baba Safiya akafunga ya bluu.

"Baba Safiya, hiyo ni bluu. Tukihamisha mzigo hivyo, tutaiacha fezi ileile imezidiwa."

Nyamizi akamnyooshea tepu zote mbili. Mkono wa mzee ukasita hewani, halafu ukachukua ya bluu tena.

"Tangu Ramadhani naona ukungu tu," alisema taratibu. "Ugonjwa wa sukari umeingia machoni."

"Na juzi ulipanda nguzo!"

"Nilipanda. Ningekula nini, mwanangu? Usimwambie bosi Bujiku."

Nyamizi alimketisha kwenye kiti, akaendelea peke yake. Alizitambua nyaya zote, akahamisha makabati kadhaa kwenye fezi zilizokuwa na nafasi, mpaka mita ikasoma karibu sawa kwenye zote tatu. Breka haikukata tena. Jioni walirudi Kahama.

Wiki iliyofuata Baba Safiya alipangiwa kazi kwenye laini kubwa ya umeme mgodini, ambako kosa moja huua. Nyamizi alilia kwanza, kisha akaenda kwa Bujiku, msimamizi wao, akamweleza kuhusu macho ya mzee. Mzee akaachishwa kazi siku hiyohiyo.

Jumapili Nyamizi alikwenda kumwona. Mama Safiya alimpokea mlangoni bila tabasamu.

"Shikamoo, Baba Safiya."

Mzee alikuwa ameketi kwenye mkeka, uso ameuelekeza ukutani. "Nani huyo?" aliuliza, ingawa sauti aliijua vizuri.

"Ni mimi, Nyamizi."

"Mwambie sipo," akamwambia mkewe.

Nyamizi aliweka mfuko wa mchele kizingitini, akaondoka. Kesho yake Bujiku alimkabidhi kazi zote za mzee.