Chapa ya Chini ya Sanduku

Zamani sanduku la bidhaa lilitembea na chapa ya kwao kama mtu na kovu lake la ndui. Siku hizi asili ya kitu ni kibandiko, ukitaka unakibandua.

Pale ghalani, mpiga chapa ndiye aliyelijua hilo kuliko wote. Miaka thelathini na minane alikata herufi kwenye bati, akalilaza bati juu ya mbao, akapitisha brashi ya wino mweusi. Fundi aliyemfunza alimwachia sharti moja: ubavuni andika sanduku linakokwenda, kisha lipindue, chini uandike linakotoka.

Halafu nchi mbili kubwa zikanuniana, zikaanza kupandishiana ushuru kama wake wenza wanaorushiana vijembe. Sufuria za moja zikawa haziuziki kwa mwenzake. Ndipo zikaanza kupitishwa hapa, zibadilishwe uraia, ziendelee na safari.

Msimamizi wa ghala alikuwa mkwe wa mpiga chapa, mume wa binti yake wa pekee.

"Baba, ubavuni ongeza kwamba zimetengenezwa hapa kwetu."

"Hapa? Hapa hata kijiko kinatushinda!"

"Baba nawe! Kwani uko kizimbani? Mzigo huu ukikwama, nitafungashwa virago mimi, na binti yako na wajukuu nyuma yangu."

Mzee akacheka bila furaha. "Haya, mwanangu. Njaa haina uraia."

Siku tatu akapiga chapa masanduku mia nne. Ubavuni aliandika uongo alioagizwa. Lakini mkono uliozoea haungoji akili: kila sanduku alilipindua, akashika bati la pili, na chini akaandika nchi lilikotoka kweli. Wapakiaji nao, nani hutazama chini ya sanduku? Waliotazama ni watu wa forodha, huko ng'ambo.

Mzigo ukazuiwa. Ghala likatiwa kufuli. Mkwe akafukuzwa, na jina lake likachafuka mji mzima, asipate wa kumpa kazi.

Binti akaja, akasimama mlangoni, kiti akakikataa.

"Baba, ulikusudia?"

"Mkono, mwanangu. Mkono tu."

"Mkono unaojua kusoma?"



Mara ya mwisho mzee kuwaona ilikuwa Jumatatu asubuhi, kituo cha mabasi ya mbali. Alifika mbio, basi limeshawashwa. Mkwe alikuwa juu ya keria akikaza kamba za magodoro. "Shikamoo, Baba," alisema, bila kugeuka. Mjukuu mdogo akapunga mkono dirishani; mama yake akaushika taratibu, akauingiza ndani, akavuta pazia.